Watu Watano na Mizigo Yao: Mwongozo wa Kununua Gari Dogo la Familia

Familia inayonunua gari lake la kwanza Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi kwa kawaida huanza na maswali matatu: gari litagharimu kiasi gani likishalipiwa ushuru, linakula mafuta kiasi gani, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Ni maswali ya msingi, na hakuna mwenye kuhesabu fedha zake anayeweza kuyakwepa. Hata hivyo, magari madogo ya Kijapani yenye injini za kati ya CC 1,000 na CC 1,500, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyamudu, yanakaribiana sana katika mambo hayo matatu, ilhali yanatofautiana mno katika jambo la nne ambalo wanunuzi huliuliza mara chache: watu watano wakishaketi na milango ikafungwa, ni mizigo gani bado inaweza kuingia, na watu hao watafika safari yao wakiwa katika hali gani?

Hicho ndicho kigezo kilichotumika kuyapanga magari katika mwongozo huu, na nimekichagua kwa makusudi. Matangazo ya magari hupenda kuonyesha buti likiwa na viti vya nyuma vimelazwa, baiskeli au kabati likiwa limeingia lote, na mnunuzi huondoka na picha hiyo kichwani. Lakini safari zinazoitesa familia ni zile ambazo viti haviwezi kulazwa kwa sababu vina watu. Mtoto anapopelekwa shule ya bweni, wazazi wamo garini, wadogo zake wamo, na pamoja nao yumo mgeni asiyekaa kwenye kiti: sanduku la bati, godoro la sponji lililokunjwa, ndoo, jembe na fagio. Familia inayopanda Moshi au Bukoba mwezi Desemba hujaza kila kiti wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi huongezewa mkungu wa ndizi na magunia ya mazao. Gari linalobeba mzigo mkubwa baada ya kumfukuza abiria kwenye kiti chake linafaa kwa biashara, lakini halijatatua tatizo la familia.

Ni vema pia kueleza mapema kwa nini upana haumo katika vigezo vya kupanga. Sheria ya Japani huyahesabu magari ya abiria kuwa madogo iwapo urefu hauzidi mita 4.7, upana hauzidi mita 1.7, kimo hakizidi mita 2.0, na injini ya petroli haizidi CC 2,000. Watengenezaji, wakitaka gari libaki katika daraja hilo, hulisanifu likaribie mpaka bila kuuvuka, na ndiyo maana Corolla Fielder, Honda Fit ya kizazi cha tatu, Ractis, Note, Vitz ya mwisho, Demio ya mwisho na Sienta zote zina upana uleule wa milimita 1,695. Anayeambiwa na dalali kwamba gari fulani kati ya hayo "ni pana zaidi kwa nyuma" hana budi kulitilia shaka neno hilo. Watu wazima watatu watabanana mabega katika kila mojawapo, na viti vitatu vya watoto wachanga haviingii kwa mstari mmoja. Mpangilio unaokubalika ni watu wazima wawili pembeni na mtoto katikati. Kinachotofautiana ni urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mahali lilipowekwa tangi la mafuta, kimo cha kiti kutoka sakafuni, na umbo la buti lenyewe.

Takwimu za lita zinazotajwa kuhusu buti zinahitaji uangalifu vilevile. Ulaya hupima kwa kupanga vipande vidogo vya lita moja moja hadi usawa wa kifuniko cha buti, huku viti vikiwa vimesimama, na takwimu hiyo ndiyo inayosaidia familia. Wauzaji wengine hutaja ujazo wa hadi darini, au wa viti vilivyolazwa, na hivyo gari dogo likaonekana kulishinda kubwa. Pale ninapotaja lita hapa chini, ni za viti vilivyosimama isipokuwa nikieleza vinginevyo. Hata hivyo umbo hushinda ujazo: buti lenye kina kirefu lakini fupi litameza mifuko mingi ya sokoni na kulikataa sanduku moja la bati.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi anayekwenda yadi achukue futikamba na amchukue mtu mrefu kuliko wote nyumbani. Mtu huyo arekebishe kiti cha dereva kama atakavyoendesha kweli, kisha ahamie kiti cha nyuma yake bila kukisogeza cha mbele. Kati ya magoti yake na mgongo wa kiti cha mbele ibaki angalau nafasi ya ngumi moja, na mapaja yake yategemewe na kiti, yasining'inie. Kiti kifupi cha kukalia ndicho kinachochosha katika safari ya saa sita, hata kama nafasi ya magoti ni tele. Baada ya hapo, bila kulaza chochote, apime buti mara tatu: upana kati ya matao ya magurudumu, urefu kutoka kizingiti hadi mgongo wa kiti, na kimo cha kizingiti hicho kutoka ardhini, kwa kuwa ndicho atakachokivusha kila ndoo na kila gunia.

Ya kwanza: Toyota Corolla Fielder

Ninaiweka Fielder juu ya zote, na hasa ile iliyotoka mwaka 2012, inayojulikana kama kizazi cha E160. Ina milimita 2,600 kati ya magurudumu na urefu wa jumla wa takriban mita 4.4, na buti lake lina lita 407 viti vikiwa vimesimama na lita 872 vikilazwa. Kuna magari mafupi yanayotangazwa kwa lita zinazokaribia hizo au kuzizidi, lakini katika Fielder lita hizo zimelala. Buti ni refu na sakafu yake ni tambarare, kwa hiyo sanduku la bati hulala kwa ubapa, godoro huwekwa juu yake, na dereva bado huona barabara kwenye kioo cha nyuma. Katika magari mafupi mzigo huohuo husimama wima, huziba kioo, na humwangukia aliyeketi nyuma breki ikikanyagwa ghafla. Kwangu mimi hiyo ni hoja ya usalama kabla ya kuwa hoja ya nafasi.

Faida ya pili ni utulivu wake barabarani. Gari refu lenye mzigo uliogawanyika vizuri haliinamishi mkia kama gari fupi ambalo buti lake limening'inia nyuma ya magurudumu. Watoto hulala. Kelele ya matairi huingia kiasi kutoka nyuma, kama ilivyo katika magari yote yasiyo na ukuta kati ya abiria na mizigo, lakini zulia zito kwenye sakafu ya buti hulipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Viti vyake viko chini, na bibi au babu mwenye maumivu ya goti atalazimika kushuka ili kuketi na kujivuta ili kutoka. Anayesafiri mara kwa mara na wazee aisome kwa makini sehemu ya Ractis hapa chini kabla ya kuamua. Jambo la pili linahusu Fielder ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013. Betri yake kubwa imewekwa chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo buti halikupungua, na huo ni usanifu wa kusifiwa. Lakini betri hiyo hupozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na familia inayofunika tundu hilo kwa mabegi, au inayoliacha lijae vumbi na nywele, huipasha betri joto na kuifupishia maisha. Anayenunua haibridi iliyotumika alifungue tundu hilo na kumulika ndani kabla ya kulipa.

Ya pili: Honda Fit

Kama kigezo kingekuwa werevu wa usanifu peke yake, Fit ingekuwa ya kwanza. Katika magari mengi tangi la mafuta hukaa chini ya kiti cha nyuma. Honda ililihamishia chini ya viti vya mbele tangu Fit ya mwaka 2001, na uamuzi huo mmoja ulibadilisha kila kitu nyuma yake. Sakafu ya abiria wa nyuma ikashuka na kuwa karibu tambarare, na sehemu ya kukalia ikaweza kuinuliwa wima kama kiti cha ukumbi wa sinema. Ikiinuliwa, panapatikana nafasi ya zaidi ya mita 1.2 kutoka sakafuni hadi darini, na humo vitu virefu husafiri vikiwa vimesimama: mche wa mwembe kutoka kitaluni, feni ya kusimama, mtungi mkubwa wa gesi ambao hautakiwi kulazwa. Kwa kuwa kiti kimegawanyika, upande mmoja huinuliwa na upande wa pili hubaki na abiria wake. Kwa familia ya wanne huo ni msaada wa kila siku.

Fit ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2013, ina milimita 2,530 kati ya magurudumu katika gari lisilofika mita nne, na nafasi ya magoti nyuma inawashangaza watu waliozoea magari ya ukubwa huo. Barani Ulaya, ambako iliuzwa kwa jina la Jazz, buti lake hukadiriwa kuwa na lita 354. Limeingia nafasi ya pili kwa sababu tu, viti vyote vikikaliwa, werevu wa kuinua viti hauwezi kutumika, na buti linalobaki ni fupi kuliko la Fielder.

Kuhusu Fit ya haibridi ya kizazi hicho nina tahadhari. Betri yake imewekwa chini ya sakafu ya buti na kuipandisha sakafu hiyo, na giaboksi yake yenye klachi mbili ilisababisha Honda kuyaita magari hayo yarudi kufanyiwa marekebisho mara kadhaa katika miaka ya 2013 na 2014. Mwenye kutafuta nafasi, na asiye na fundi wa haibridi karibu naye, atanufaika zaidi na Fit ya petroli ya CC 1,300.

Ya tatu: Toyota Ractis

Ractis ilitengenezwa kuanzia 2005 hadi 2016 kwa vizazi viwili, na naona haijapewa heshima inayostahili, pengine kwa sababu umbo lake halina mvuto wa gari la kijana. Viti vyake viko juu kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kugeuka tu, bila kushuka wala kupanda. Paa ni refu, madirisha ni makubwa, na mtoto wa kati huona nje, jambo linalopunguza kichefuchefu kwenye kona za Kitonga au za Lushoto. Wazee wakiwamo mara kwa mara, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita.

Buti lake ni la kina. Gari hilihili liliuzwa Ulaya kwa jina la Verso-S, na huko buti lilikadiriwa kuwa na lita 429, ubao wa sakafu ukiwa umeshushwa chini kabisa. Idadi hiyo isimpotoshe mnunuzi: kina ndicho kinachoipandisha, huku urefu kutoka kizingiti hadi kiti ukiwa mdogo, kwa hiyo ndoo na mabegi huingia kwa wingi ilhali sanduku refu huingia kwa shida. Viti vya nyuma hulazwa kwa kuvuta vishikio vilivyo ndani ya buti lenyewe, na vinapoanguka sehemu ya kukalia hushuka pia, hivyo sakafu hubaki sawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mnunuzi wa Kenya akumbuke kwamba sheria ya huko hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na kwa kuwa Ractis ya mwisho ilitoka 2016, ataitafuta miongoni mwa zile ambazo tayari zimesajiliwa nchini. Tanzania haikatazi umri, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililovuka miaka minane, na mkubwa zaidi kwa lililovuka miaka kumi, kwa hiyo bei ya Ractis ya kizazi cha kwanza bandarini Yokohama haielezi bei yake Dar es Salaam. Uganda mpaka wake ni miaka 15.

Ya nne: Nissan Note

Note ya mwaka 2012 na kuendelea ina milimita 2,600 kati ya magurudumu, sawasawa na Fielder, katika mwili wa mita 4.1. Nissan iliitoa karibu nafasi yote hiyo kwa abiria wa nyuma. Kwa magoti, hakuna gari katika orodha hii linaloizidi, na milango ya nyuma hufunguka kwa upana unaomwezesha mzazi kumfunga mtoto kwenye kiti chake bila kujipinda mgongo. Familia yenye vijana warefu waliokaribia utu uzima, na ambayo haisafiri na mizigo mingi, haitajuta kuinunua.

Gharama ya ukarimu huo imelipwa na buti, ambalo ni la wastani tu, na viti vikilazwa hubaki ngazi kati ya sakafu na mgongo wa kiti, kwa hiyo kitu kirefu hakilali sawa. Injini yake ya CC 1,200 ina silinda tatu, na mtikisiko wake husikika ndani gari linaposimama kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Gia zake za CVT, yaani za otomatiki zisizo na hatua, zinahitaji mafuta yake maalumu kwa wakati, na gari lenye watu watano na mzigo juu ya mlima ni mahali pabaya pa kugundua kwamba mwenye nalo wa awali hakuyabadilisha.

Ya tano hadi ya saba: IST, Vitz, Demio

Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, imejaa katika barabara za Dar es Salaam kwa sababu nyingi nzuri: ni imara, iko juu kidogo kutoka ardhini, na kila fundi anaijua. Kwa nafasi, hata hivyo, ina milimita 2,370 tu kati ya magurudumu, na hesabu hiyo haina pa kujificha. Kiti chake cha nyuma husogezwa mbele na nyuma: kikirudishwa nyuma magoti hupumua na buti hubaki na nafasi ya mifuko michache, kikisogezwa mbele buti hukua na magoti hugusa. Katika gari hili mnunuzi huona kwa macho yake kwamba nafasi ya watu na nafasi ya mizigo hutoka katika mfuko mmoja. Kwa familia ya watu watatu inatosha kabisa.

Vitz ya kizazi cha mwisho, iliyotoka 2010, ni pana kwa magoti kuliko IST, na buti lake, kwa vipimo vya toleo la Ulaya liitwalo Yaris, lina lita 286. Matoleo ya bei ya chini ya magari ya daraja hili huwa na mgongo wa kiti cha nyuma wa kipande kimoja, kwa hiyo ukitaka kulaza upande mmoja unalaza wote na kuwakosesha abiria kiti. Muuzaji aulizwe jambo hilo kwa maneno, na atume picha. Ya CC 1,000 inaitosha mji. Familia kamili kupanda nayo milima ya Iringa ni kuionea.

Mazda Demio ya 2014 ndiyo yenye dashibodi nzuri kuliko zote na viti vya mbele vya kustarehesha. Sehemu kubwa ya urefu wake imekwenda kwenye boneti, nyuma ni finyu, madirisha ya nyuma ni madogo, na kizingiti cha buti kiko juu. Ni gari la wawili.

Yaliyobaki nje ya orodha

Toyota Probox itaulizwa na wengi, na Wakenya hasa watashangaa kutoiona. Kwa mzigo, hakuna gari hapa linaloikaribia. Lakini Probox nyingi zilisajiliwa Japani kama magari ya mizigo, na kanuni za huko hutaka gari la namna hiyo liwe na eneo la mizigo kubwa kuliko eneo la abiria. Ili kutimiza sharti hilo, kiti cha nyuma kimesukumwa mbele, kimefanywa chembamba, na mgongo wake umesimama wima. Matoleo mengi hayana hata vitegemeo vya vichwa vya nyuma. Springi zake na matairi yake yamekusudiwa kubeba, kwa hiyo likiwa tupu hurusha abiria. Toyota yenyewe huikadiria kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili na kilo 250 ikiwa na watu watano. Sipendekezi kumkalisha mtoto kwenye kiti hicho kutoka Nairobi hadi Kisumu. Anayelipenda umbo lake atafute Probox Wagon, toleo la abiria lililokuwapo kabla ya mabadiliko ya 2014, lenye kiti cha nyuma cha kweli.

Familia ya watu sita au saba haina haja ya kubanana katika magari yaliyotajwa juu. Toyota Sienta, ya upana uleule wa milimita 1,695, ina mistari mitatu ya viti na milango ya nyuma ya kuteleza ambayo haigongi gari la jirani sokoni wala haihitaji nafasi kumshusha mtoto. Viti vya mstari wa tatu hukunjwa na kuzama chini ya vile vya mstari wa pili, na vikizama buti hushinda la Fielder kwa kimo. Vikikaliwa, buti hubaki kama rafu ya vitabu, kwa hiyo Sienta ni ya watu saba au ya watu watano na mizigo, si vyote viwili kwa safari moja. Milango ya umeme ijaribiwe mara kadhaa kabla ya kununua, kwa sababu ukarabati wake si wa bei nafuu.

Passo na Swift hazikupangwa. Swift ya kizazi kilichoanza 2010 ina buti la lita 211 kwa vipimo vya Ulaya, na Passo ni ndogo zaidi kuliko Vitz kwa urefu. Ni magari ya kazini na sokoni, na kwa kazi hiyo yanafaa.

Mambo yanayobadilisha nafasi baada ya kununua

La kwanza ni tairi la akiba. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya karibuni hutoka kiwandani bila tairi hilo. Chini ya sakafu ya buti kuna pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha tu. Dawa hiyo haizibi tairi lililochanika ubavuni kwenye shimo, na barabara zetu huchana. Mnunuzi ainue zulia na kuangalia: kama kuna nafasi ya duara, tairi jembamba la akiba litaingia bila kupunguza chochote. Kama hakuna, tairi litakaa ndani ya buti na kula sehemu kubwa ya nafasi ambayo mwongozo huu umeisifu, na kipimo cha futikamba kifanywe upya likiwamo.

La pili ni uzito, ambao watu huusahau mara buti linapofungika. Hati za usajili za Japani huonyesha uzito wa gari tupu na uzito wa jumla, na tofauti ya namba hizo mbili katika gari la watu watano huwa kilo 275, kwa sababu kila abiria huhesabiwa kilo 55 na mizigo haihesabiwi kabisa. Watu wazima wengi huzidi kilo hizo, na gunia la mahindi ni kilo 90 au zaidi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyesha upepo unaotakiwa kwenye matairi, na siku ya safari upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi, kabla mzigo haujapakiwa. Shokapu za nyuma zilizochoka zibadilishwe badala ya kuwekewa spesa. Spesa huinua tumbo la gari lisiguse matuta, lakini hazirudishi uwezo wa kutuliza mtikisiko, na abiria wa nyuma ndiye anayeulipia mgongoni.

La tatu ni joto. Hakuna gari katika orodha hii lenye matundu ya kiyoyozi kwa abiria wa nyuma, kwa hiyo kiyoyozi dhaifu humpoza dereva na kumwacha mtoto akitoka jasho, hasa mwambao. Kiyoyozi kijaribiwe saa sita mchana mtu akiwa ameketi nyuma, si asubuhi mtu akiwa mbele. Ndani mkiwa mweusi na viti vikiwa vimevikwa ngozi bandia, joto huongezeka. Kitambaa cha asili kilichosafishwa vizuri hustarehesha zaidi kuliko kava la plastiki linalosifiwa kwa kufutika. Kava hizo zina madhara mengine mawili: zinazozunguka ubavu wa kiti cha mbele zinaweza kuzuia mfuko wa hewa wa pembeni kufunguka, na za nyuma hufunika ndoano za ISOFIX ambazo kiti cha mtoto hufungwa kwazo. Ndoano hizo zimekuwa za lazima katika magari mapya Japani tangu 2012. Katika gari la zamani zaidi mnunuzi aingize vidole kati ya mgongo wa kiti na sehemu ya kukalia azitafute, na asipozipata ahakikishe mikanda yote mitatu ya nyuma ni mirefu ya kutosha na inafunga, ule wa katikati ukiwamo, kwa kuwa ndio unaopotea chini ya kiti mara kwa mara.

Anayeagiza gari kutoka Japani bila kuliona amwombe muuzaji picha nne zaidi ya zile za tangazo: buti likiwa na viti vimesimama, chini ya zulia la buti, kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi huku kiti cha dereva kikiwa kimerudishwa nyuma, na kibandiko cha upepo wa matairi. Muuzaji wa kuaminika huzituma siku hiyohiyo, kabla ya malipo yoyote.